Gregory, Msomaji wa Mawe

Ukitoka kijijini Juani kwenda kwenye magofu ya Kua, unakanyaga jiwe gumu, kali, lenye matundu. Wazee wa Kua walijenga nyumba zao na misikiti yao kwa jiwe hilo. Chukua kipande ukivunje. Ndani utaona matumbawe na makombe. Matumbawe hayaishi nchi kavu, huishi baharini tu. Basi mahali hapa penye miti na njia ya miguu, zamani sana palikuwa chini ya maji.

Ukifikiri hivyo, ndugu msomaji, umekwisha kuanza kusoma jiwe. Wako watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Elimu yao inaitwa jiolojia, nao huitwa wanajiolojia. Mwanajiolojia hutazama mawe, udongo, milima na mabonde, kisha hueleza jinsi vilivyotokea.

Habari hizi ni za mwanajiolojia mmoja Mwingereza aliyeitwa John Walter Gregory. Alitembea katika nchi zenye jua kali, na pia katika nchi ya barafu iliyo karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki lilijulikana duniani kwa jina hilo kwa sababu yake. Na safari iliyompa sifa hiyo aliifanya pamoja na watu wa pwani hii yetu, waliobeba mizigo yake kichwani.

Karani wa sufu

Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari 1864, katika mtaa wa Bow, mashariki ya mji wa London. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya sufu, yaani manyoya ya kondoo yanayofumwa kuwa nguo za baridi. Mtoto alipofika umri wa miaka 15 aliacha shule. Akawekwa kuwa karani katika biashara hiyo hiyo ya sufu.

Kazi ya karani haikumtosha. Mchana aliandika hesabu za marobota. Jioni alikwenda darasani, katika chuo kiitwacho Birkbeck. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi wa London, watu ambao hawakuwa na nafasi ya kusoma mchana. Huko ndiko Gregory alikosoma elimu ya mawe. Alisoma hivyo kwa miaka, kazi mchana na daftari usiku. Wale wanaokwenda kwenye kisomo baada ya kutoka shamba au baada ya kuvuta nyavu wanajua vizuri uchovu wa namna hiyo.

Mwaka 1886 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1887 aliacha sufu. Aliajiriwa katika nyumba kubwa ya makumbusho ya London, mahali palipowekwa mawe, mifupa na wanyama waliokaushwa kutoka dunia nzima. Kazi yake ilikuwa kuyapanga mawe na kuyaandika. Wakati wa likizo alipanda milima ya Ulaya, na huko alijifunza kutembea juu ya barafu.

Safari iliyovunjika

Wakati huo Wazungu walikuwa wakigawana Afrika. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mipaka yao, na Mafia ikawekwa upande wa Wajerumani. Wenyeji hawakuulizwa. Pamoja na askari na wafanya biashara walikuja pia watu wa elimu. Wengine walitafuta madini, wengine walichora ramani.

Mwishoni mwa mwaka 1892 Gregory alifika pwani ya Kenya pamoja na msafara mkubwa wa Waingereza. Walikusudia kwenda kaskazini mpaka Ziwa Rudolf, ambalo leo linaitwa Ziwa Turkana. Msafara haukufika mbali. Kiongozi wake aliuacha akaenda kwenye kazi nyingine. Maradhi yakawapata watu karibu na Mto Tana, na Gregory mwenyewe akashikwa na homa ya malaria. Msafara ukavunjika kabla ya kuanza safari yenyewe.

Mtu mwingine angepanda meli akarudi kwao. Gregory alikwenda Mombasa, akaandika watu wapya, akaamua kwenda peke yake bila Mzungu mwenzake. Alikuwa na umri wa miaka 29. Hakuwa na fedha nyingi, na ruhusa aliyopewa kazini kwake ilikuwa na mwisho.

Watu aliowaandika walikuwa wapagazi wapatao 40. Waliitwa Wazanzibari. Lakini siku zile mpagazi yeyote wa pwani aliitwa Mzanzibari, awe ametoka Unguja, awe ametoka Mrima au visiwani. Baadhi ya wapagazi wa wakati ule walikuwa bado watumwa, na sehemu ya mshahara wao ilichukuliwa na mabwana zao. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60 au zaidi, na juu yake aliweka mkeka wake na chakula chake. Reli haikuwapo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896.

Waliondoka Mombasa mwezi wa Machi 1893. Walipita nyika kavu ya Taru na nchi ya Ukambani, wakafika Kikuyu, kisha wakateremka katika bonde kubwa penye ziwa la Naivasha. Njia ilikuwa na hofu. Miaka michache nyuma sotoka iliua ng'ombe wengi wa Wamasai, na nchi ilikuwa na njaa. Kununua chakula cha watu 40 kila siku ilikuwa kazi ngumu kuliko kutazama mawe.

Bonde ambalo halikuchimbwa na mto

Kutoka Naivasha walikwenda kaskazini mpaka ziwa la Baringo. Hapo Gregory alifanya kazi iliyomleta.

Mabonde mengi tunayoyajua yamechimbwa na mito. Maji hula udongo mwaka hadi mwaka, na bonde huzidi kwenda chini. Lakini bonde hili lilikuwa na mambo ya ajabu. Pande zake mbili zimesimama kama kuta. Chini ni pana na tambarare, na hakuna mto mmoja mkubwa unaopita kutoka mwanzo hadi mwisho. Badala yake kuna maziwa, moja hapa, jingine kule, na milima iliyowahi kutoa moto.

Mtaalamu mmoja wa Austria, Eduard Suess, alikwisha kusema mwaka 1891 kwamba huenda ardhi ya huko imepasuka. Lakini Suess hakufika Afrika. Alisoma habari za wasafiri akiwa nyumbani. Ilitakiwa mtu aende na nyundo, avunje mawe ya ukuta huu na ya ukuta ule, na ya katikati, ayalinganishe.

Gregory alifanya hivyo. Aliona kwamba matabaka ya mawe yaliyoko juu ya kuta yapo pia chini katika bonde. Yaani hayakuchukuliwa na maji. Yameshuka tu.

Ili kuelewa, fanya jaribio hili darasani. Chukua madaftari matatu manene. Yasimamishe yakiwa yamegusana, uyabane kwa viganja viwili, kisha uyainue. Sasa legeza viganja kidogo. Daftari la katikati litashuka, na yale ya pembeni utabaki nayo mikononi. Ardhi ya Afrika ya Mashariki inavutwa pande mbili, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Imepasuka katika mistari miwili, na kipande cha katikati kimezama. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Linavutika hata leo, milimita chache kwa mwaka, ndiyo maana katika nchi hizo ardhi hutetemeka mara kwa mara.

Gregory aliona jambo jingine pia. Juu ya maziwa, mahali pakavu kabisa, alikuta alama za ufuo wa zamani, kama mstari wa maji kujaa unavyobaki pwani baada ya maji kupwa. Akafahamu kwamba zamani maziwa hayo yalikuwa makubwa zaidi.

Maji yaliyogeuka jiwe

Kutoka Baringo msafara ulipita Laikipia kuelekea Mlima Kenya. Mlima huo una kimo cha mita 5,199. Ni wa pili katika Afrika baada ya Kilimanjaro. Kabla ya Gregory, mwaka 1887, Mzungu mwingine aliyeitwa Teleki aliupanda kwa sehemu, lakini hakufika kwenye barafu yake.

Kwanza ulikuwako msitu wa mianzi, mzito, umelowa mvua. Wapagazi walikata njia kwa mapanga na kwa shoka. Walilala katika matope. Walikuwa watu wa pwani, wamezoea joto, na nguo zao zilikuwa za pamba. Wengi walitembea miguu mitupu. Walipotoka juu ya msitu baridi ikawa kali zaidi.

Asubuhi moja wapagazi walikuja kwa Gregory na habari ya kutisha. Maji waliyoyaacha usiku katika masufuria yalikuwa yamerogwa. Yalikuwa meupe, wala hayatikisiki. Mmoja wao aliyapiga kwa fimbo, na fimbo haikuingia. Gregory akawaambia wamletee sufuria. Wakakataa kuigusa, wakamwomba aende mwenyewe.

Gregory akaenda, akaishika barafu kwa mikono yake. Akateleka sufuria moja motoni, akawaambia watazame, maji yatarudi. Wakakaa kuizunguka, kimya. Barafu ilipoyeyuka wakafurahi, wakasema pepo ametoka. Gregory akawaambia kwamba sasa wanaweza kuyatumia maji yale. Lakini alipogeuka tu, wakayamwaga, wakaenda kuteka mengine kijitoni.

Leo tunacheka kidogo tukisoma hayo, kwa sababu hata mvuvi wa Mafia anaijua barafu ya kuwekea samaki. Lakini tazama walivyofanya wale watu. Waliona jambo jipya, hawakulikimbia. Walilijaribu kwa fimbo, wakaja kutoa habari, wakakaa kutazama linavyobadilika. Kuyamwaga yale maji lilikuwa jambo la hadhari tu. Nani kati yetu angeyanywa?

Gregory alipanda zaidi, mpaka kimo cha karibu mita 5,000. Alikuwa mtu wa kwanza wa elimu ya mawe kufika kwenye mito ya barafu ya Mlima Kenya. Mto wa barafu ni barafu nzito inayoteremka mlimani polepole sana, ikisukuma na kusaga mawe njiani. Mmoja aliupa jina la Lewis, kwa kumkumbuka mwanajiolojia wa Marekani aliyekuwa amekufa. Hakufika kileleni. Lakini chini sana ya barafu ile alikuta malundo ya mawe ambayo barafu tu ndiyo ingeweza kuyaacha. Maana yake zamani barafu ya Mlima Kenya iliteremka mbali zaidi. Hapo alikuwa karibu na mstari wa katikati ya dunia, mahali penye jua, na jiwe lilimwambia habari za baridi.

Msafara ulirudi Mombasa mwezi wa Agosti. Walikuwa wamekwenda kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000. Mizigo ya kwenda ilikuwa vyakula, nguo na shanga. Ya kurudi ilikuwa na mawe na mimea, na mawe nayo yalibebwa kichwani. Mwaka 1896 Gregory alitoa kitabu kikubwa juu ya safari hiyo, na Bonde Kuu la Ufa likawa jina la kitabu na jina la bonde lenyewe.

Katika nchi ya barafu

Mwaka huo huo wa 1896 alipata nafasi ya kuiona barafu nyumbani kwake. Alichukuliwa katika msafara wa Martin Conway kwenda Spitsbergen. Hicho ni kisiwa kilicho kaskazini kabisa, ng'ambo ya Ulaya, karibu na Ncha ya Kaskazini. Siku hizi kiko chini ya nchi ya Norway. Huko wakati wa kiangazi jua halitui hata usiku wa manane, na wakati wa baridi halichomozi kwa miezi.

Wavuvi wa nyangumi walikuwa wakifika pwani ya kisiwa hicho kwa miaka mingi. Lakini katikati yake palikuwa hapajulikani. Conway, Gregory na wenzao walikivuka kutoka pwani ya magharibi mpaka pwani ya mashariki. Walikuwa na farasi wadogo waliovuta mizigo juu ya slei, yaani gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji. Lakini kiangazi theluji ya mabondeni huyeyuka. Farasi walizama katika matope, na watu wakasukuma mizigo wenyewe. Gregory alitazama jinsi barafu inavyosaga mawe na kuyalundika. Alama zile alizoziona Mlima Kenya, hapa aliziona zikifanyika.

Kwa ajili ya safari hizo mbili, jina lake lilitajwa mara moja Waingereza walipoanza kutayarisha msafara mkubwa wa kwenda upande wa Ncha ya Kusini. Meli mpya ilikuwa ikijengwa, jina lake Discovery. Gregory alichaguliwa kuwa mkuu wa kazi zote za elimu katika msafara huo. Ilikuwa nafasi ambayo mwanajiolojia yeyote wa wakati ule angeitamani.

Hapo ukazuka ugomvi. Vyama viwili vikubwa vya London ndivyo vilivyoutayarisha msafara. Chama kimoja kilitaka mkuu wa watu watakaoshuka nchi kavu awe Gregory, ili kazi ya elimu iende mbele. Kingine kilitaka kila jambo liwe chini ya ofisa wa jeshi la majini, Robert Scott. Scott alikuwa baharia hodari lakini hakuwahi kufanya kazi katika nchi ya barafu. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi. Mwisho Gregory aliambiwa kwamba atakuwa chini ya Scott katika kila jambo.

Gregory alikataa. Mwezi wa Mei 1901 alijiuzulu. Discovery iliondoka Uingereza mwezi wa Agosti bila yeye, na hakuiona nchi ya Ncha ya Kusini mpaka alipokufa. Wengine walimlaumu kwa kiburi. Mimi naona hakuwa na makosa. Mtu aliyeongoza wapagazi 40 mpaka Baringo na kuwarudisha Mombasa alijua kwamba katika safari, anayeamua wapi pa kukaa na lini pa kuondoka ndiye anayeamua kazi gani itafanyika.

Mwalimu

Wakati wa ugomvi huo Gregory alikuwa amekwisha kuwa profesa katika mji wa Melbourne, Australia. Huko alifanya safari nyingine ngumu, katika jangwa la Ziwa Eyre. Mwaka 1904 alihamia Glasgow, Uskoti, akafundisha jiolojia kwa miaka 25. Alisafiri hata alipozeeka. Mwaka 1919 alirudi Afrika ya Mashariki kulitazama bonde lake tena. Safari hii reli ilikuwapo. Mwaka 1922, pamoja na mtoto wake wa kiume, alikwenda katika milima ya magharibi ya Uchina.

Jambo moja lazima lisemwe. Mwaka 1925 Gregory aliandika kitabu kuhusu rangi za watu. Ndani yake alisema watu weupe na watu weusi wasichanganyike, kila mmoja akae kwake. Mawazo hayo yalikuwa ya Wazungu wengi wa wakati wa ukoloni, lakini hiyo haiyafanyi kuwa mema. Wapagazi wa pwani walimkatia njia katika mianzi, walimpikia, walimbebea mawe mpaka baharini. Aliwasifu katika kitabu chake cha kwanza. Ni ajabu kwamba macho yaliyosoma mawe vizuri namna ile hayakusoma jambo hilo.

Mtoni

Gregory alistaafu mwaka 1929, lakini hakutulia. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 68, alikwenda Peru, Amerika ya Kusini, kutazama milima ya Andes. Nchi hiyo nayo ni ya matetemeko na milima ya moto. Kazi ilipokuwa ikiendelea, yeye na wenzake waliteremka kwa mtumbwi katika mto wa Urubamba. Mto huo hupita katika mlango mwembamba kati ya miamba mirefu, na maji yake hapo hukimbia kwa nguvu na kuzunguka.

Watu wa Juani hawahitaji kuelezwa sana. Anayevuka kila siku kwenda Chole au Utende anajua jinsi chombo kinavyogeuka mara moja, kabla mtu hajasema neno. Tarehe 2 Juni 1932 mtumbwi wa Gregory ulipinduka katika maji yale. Gregory akafa maji.

Sehemu ya Bonde la Ufa inayopita Kenya na kuingia kaskazini ya Tanzania, penye maziwa ya Natron na Manyara, wanajiolojia huiita Ufa wa Gregory. Katika Mlima Kenya pia mto mmoja wa barafu ulipewa jina lake. Huo leo haupo tena. Dunia imezidi joto, na barafu yake yote imeyeyuka. Mto wa Lewis bado upo, lakini umepungua sana. Malundo ya mawe yaliyoachwa na barafu ya zamani yapo palepale alipoyakuta mwaka 1893, na mbele yake yako mengine mapya.